Salamu Maria Moja kwa Kila Tairi

Mzee wa matairi kule Yoba, mtaa wa mji wa Gitega, alikuwa ananiita mtu wa kinga, yaani mtu wa baiskeli, na alikuwa ananiita hivyo mbele za watu. Sikuipenda hata kidogo. Nilikuwa dereva mwenye leseni, naendesha gari la mfanyabiashara wa vitenge, na kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi. Lakini kila niliposimama pale kwake, yeye alichutama kando ya tairi, akaweka kipimo chake, akasoma, kisha akatikisa kichwa.

"We kijana ya Tanzania," anasema, kwake tairi ni pine na kitu kigumu ni nguvu, "hii pine iko nguvu sana. We iko na mambo ya kinga. Gari haiko kinga."

"Mzee, wewe ongeza tu."

"Niongeze wapi? Iko mbili na nusu na bado unataka. Inaombaka deux virgule deux. Haujui kusoma?"

Na hapo ananifungulia mlango wa dereva na kunionyesha kile kibandiko kilicho kwenye nguzo yake. Wajapani wameandika hapo maneno ambayo hakuna mtu Gitega nzima anayeyasoma, lakini tarakimu zao ni hizihizi zetu. Mbili nukta mbili, mbele na nyuma. Nilipokuwa Tanzania niliwasikia madereva wakisema thelathini na mbili, na mzee alinihakikishia kwamba ni kitu kilekile, ila huku tunahesabu Kifaransa.

Alinieleza mengi yule mzee, na mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Kwamba upepo unapimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto linadanganya, linaonyesha zaidi ya lilicho nacho. Kwamba tairi gumu mno linakanyaga barabara kwa tumbo lake la katikati tu, na breki haishiki vizuri. Siku moja alinishika mkono, akavipitisha vidole vyangu juu ya tairi la mbele. Katikati palikuwa laini, pameliwa, na pembeni meno bado mapya. "Unaona? Kazi ya roho yako nguvu hii." Bosi wangu naye alikuwa analalamika mgongo kila tukipita kwenye mawe ya kuelekea soko. Nikajifanya sisikii. Nina kichwa kigumu, sikatai, na wakati ule nilidhani ndiyo akili yenyewe.

Nijieleze kidogo. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Giteranyi, kwao upande huu, wakikimbia vita, mama akiwa na mimba yangu, na baba akaanza kule kazi ileile aliyoijua, kubeba mizigo kwa baiskeli. Mkaa, mihogo, mikungu ya ndizi, mpaka mzigo unamzidi urefu. Mtu wa kazi hiyo ana sheria moja tu: mzigo ukiongezeka, upepo unaongezeka. Baba alibonyeza tairi kwa dole gumba, na dole likizama hata kidogo hasogei hatua. Kisha aligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Lazima litoe mlio. Alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba, na nilipokosea alinipa pampu mkononi bila kusema neno. Alifariki kwa homa ya siku nne nilipokuwa na miaka kumi na tano. Nikarithi baiskeli, pampu, na ile sheria.

Amani iliporudi, tukarudi. Mama akapata tena kipande cha shamba Giteranyi, mimi nikabeba ndizi miaka kadhaa kwenye njia zile za mpakani, halafu nikajifunza gari na kushuka Gitega, ambako mji ulipofanywa makao makuu kila mwenye duka alihitaji dereva. Lakini dole gumba langu halikuacha kazi yake ya zamani.

Sasa, mama. Jicho lake la kushoto lilikufia kambini. Lilianza kuuma, likawekewa majani, likawekewa dawa ya duka, likaisha. La kulia likaanza kufunga ukungu baada ya sisi kurudi, pole pole, mpaka akawa ananijua kwa hatua zangu. Alipoanza kukata mboga na kujikata vidole, nilimleta hospitali Gitega wakampasua. Jicho moja, hakuna la akiba. Nesi alinieleza mimi, si yeye, kwa sababu mama alikuwa amegeuka ukutani akisali. Jicho lina mshono mdogo sana, akasema. Asiiname. Asinyanyue kitu. Asitikiswe. Akiona mwanga unamulika kama radi, au kitu cheusi kikishuka kama pazia, mrudishe siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Nikauliza, "Na safari ya Giteranyi?"

Nesi akatikisa kichwa. "Akae mjini kama anaweza. Kama hawezi, gari liende pole pole."

Mama hakuweza. Alikaa kwangu Yoba siku tano, na siku ya sita alikuwa amefunga mfuko wake tangu alfajiri. Maharage yamekomaa, alisema, na majirani watavuna upande wao na kuacha wake unyeshewe. Nikamwambia maharage si kitu. Akasema, "Jicho hili sikulifungua ili niangalie ukuta wa Yoba." Tukabishana mpaka mke wangu akatoka nje. Mama alikuwa na jibu kwa kila neno, na mimi nina hasira za karibu. Mwisho nikaenda kumwomba bosi gari, naye akanipa bila maneno mengi, nirudishe kesho yake.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Nikampitia mzee wa matairi kwanza. Nilimwambia namrudisha mama aliyepasuliwa jicho. Hakunitania siku hiyo. Alipima matairi yote manne mara mbili mbili, akatoa upepo, akarudisha kidogo, akasoma tena. "Mbili na mbili," akasema. "Leo mi nakuomba, usiguse. Mama hatasikia barabara." Akaenda dirishani, akamwamkia mama, akamwombea kwa Mungu kwa dua yake ya Kiislamu, na mama akaitikia amina.

Halafu tukapakia mzigo. Gunia la mchele, katoni ya sabuni, kreti mbili za soda. Mtu akitoka hospitali, mlima mzima, yaani kijiji kizima, unakuja kumpokea, na mama alisema wazi kwamba hawezi kupokewa halafu watu wakae wanaangaliana midomo mikavu. Nilipofunga buti nikaona gari limekaa chini kwa nyuma. Nikalizunguka. Nikabonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba. Lilibonyea, au nilidhani lilibonyea. Mzigo umeongezeka, upepo haujaongezeka. Kitu hicho kilinikera moyoni kama jiwe ndani ya kiatu.

Nikavumilia mpaka tulipotoka mjini. Kwenye kilima cha kwanza cha barabara ya Karuzi nikasimama kando, nikatoa pampu ya mguu kwenye buti, nikaanza kukanyaga. Pampu yenyewe kipimo chake kilikufa zamani. Mama alikuwa kiti cha mbele, jicho limefunikwa kwa pamba na kikombe cha plastiki kilichobandikwa utepe, la pili halina kazi, kwa hiyo alikuwa gizani kabisa. Akageuza uso kufuata ile sauti.

"Unafanya nini?"

"Naongeza upepo, mama. Kidogo."

Nilikanyaga matairi yote manne. Nikayagonga kwa kifundo cha kidole, yakatoa mlio. Nikaridhika kabisa. Nikaona nimefanya kazi ya mwanaume anayejua mzigo ni nini.

Lami ya kwenda Muyinga si mbaya. Lakini gari gumu halihitaji shimo kubwa. Kila kiraka kilipanda mpaka kwenye usukani. Nilikuwa naendesha huku nusu ya macho yangu iko kwa mama. Alishika mkanda kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili alishikilia shingo yake nyuma, kana kwamba anakibeba kichwa asikimwage. Mama yangu akinyamaza ujue anaumia, na nilijua, na niliendelea kujiambia ni barabara. Kila lori lililotupita nililitukana kwa sauti ya chini.

Muyinga tulifika saa sita, wakati wa dawa. Dawa zenyewe ni chupa mbili za matone, ya kwanza na ya pili, na katikati yake nesi alisema dakika tano. Mama hajawahi kuwa na saa maishani mwake. Anapima kwa Salamu Maria. Yai linachemka kwa Salamu Maria kadhaa anazozijua yeye, uji wa mtoto kadhaa, na dakika tano za nesi alizigeuza kuwa ishirini, nami nilizipima siku ya kwanza kwa simu yangu, zikawa dakika tano kamili na sekunde chache. Tulikaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, nikanawa mikono kwa maji ya chupa na sabuni, nikabandua utepe. Akafungua jicho. Jekundu, linatoa machozi, lakini akanyoosha kidole kwenye kifua changu.

"Shati la bluu," akasema.

"La bluu, mama."

"Uso wako sijaupata bado. Una ukungu. Nesi alisema utatoka wenyewe."

Nikadondosha tone, akahesabu ishirini zake, nikadondosha la pili, nikafunika. Dawa nyingine saa kumi. Nilishukuru Mungu moyoni, na nilijua kilichobaki: barabara ya udongo ya kwenda Giteranyi.

Ningepaswa kutoa upepo pale pale Muyinga, mjini, ambako kuna vipimo na mafundi. Nikashuka, nikagusa tairi. Lilikuwa la moto, na gumu kuliko nilivyoliacha. Na unajua nilichofikiri? Nilifikiri, vizuri. Barabara mbaya, mzigo mzito, tairi imara. Mpaka leo nikilikumbuka lile wazo nataka kujizaba kofi.

Barabara ya udongo ilikuwa imekatwa na mvua, ikawa na matuta madogo madogo mfululizo kama ubao wa kufulia nguo. Nikapunguza mwendo, ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza kidogo, gari likaanza kucheza nyuma, linapepesuka kama halina uzito. Chupa za soda zilikuwa zinagongana kwenye buti. Mama alikuwa amekunja miguu, ameinua mwili wake kutoka kwenye kiti kwa mikono, ili mtikisiko uishie mabegani. Mwanamke wa umri ule. Nikasema pole mama, pole mama, kila tuta pole, mpaka akaniambia nyamaza uangalie njia.

Mtaro ule sikuuona. Maji yalikuwa yamekata barabara upande hadi upande, upana wa hatua moja, na majani yamelala juu yake. Nilikanyaga breki, gari halikusimama, lilitereza. Magurudumu ya mbele yaliingia na kuruka nje kwa mara moja. Tairi laini lingemeza angalau kidogo. Haya yaliturusha. Mama alipanda juu na kushuka, nikasikia meno yake yakigongana, na mkono wake ukaenda kwenye kile kikombe cha jicho.

Nikasimamisha. Vumbi likatupita.

"Mama."

Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kikombe.

"Mama, sema kitu."

"Nimeona mwanga," akasema.

Nikamgeukia. "Mwanga gani?"

"Kama kiberiti kinapowashwa. Sasa umezima."

Pamba ilikuwa imelowa chini ya kikombe. Nikauliza kama ni damu. Swali la kijinga, nilikuwa mimi mwenye macho. Ilikuwa maji tu, au nilitaka iwe maji tu. Nikanyoosha mkono kubandua utepe, akanipiga kofi mkononi. "Hatufungui hapa. Kuna vumbi."

Nesi alisema mwanga kama radi, mrudishe siku hiyohiyo. Lakini kurudi ni kupita yale matuta yote upya, kisha lami nzima, kwa matairi yaleyale. Kwenda mbele ni matuta mengine mpaka nyumbani. Nilishuka nikasimama katikati ya barabara, na sikujua niende wapi. Halafu, niseme ukweli, nikafanya jambo la aibu. Nikamgombeza mama yangu. Nilimwambia ni yeye aliyeng'ang'ania kuondoka, ni maharage yake, ni soda zake, kwamba angekaa siku kumi tu Yoba kama watu wengine wanavyokaa, na sasa kama jicho limekwenda limekwenda kwa kichwa chake kigumu. Nilipiga teke tairi. Mguu uliniuma, tairi halikubonyea.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, taratibu, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lile teke nimelisikia. Tairi limelia. Ulisema umeongeza kidogo."

Nikainama kuushika mguu wangu.

"Umejaza kama baba yako."

"Ndivyo alivyonifundisha."

"Najua alivyokufundisha. Njoo hapa."

Nikaenda, nikachuchumaa mlangoni kwake. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, hasogei, anaongea akielekea paa la gari. Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na nina miaka yangu mingi.

"Siku tuliyovuka, baba yako alinipakia nyuma ya baiskeli. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Tairi alikuwa amelijaza vile anavyojua yeye. Njia zilikuwa hizihizi za mashambani, mizizi na mawe. Nikamwambia, mtoto anagonga. Akasema, vumilia. Nikaona damu. Nikamwambia, naona damu. Basi akasimama."

"Akafanya nini?"

"Akafungua upepo. Yeye. Alipiga magoti akautoa, na alikuwa analia, kwa sababu alijua tairi litakufa na hatukuwa na kitu kingine chochote duniani. Nikapanda tena. Ikawa laini. Damu ikakata. Tairi lilipasuka kabla hatujafika, akalitupa majanini, akasukuma ringi tupu na mimi juu yake mpaka tulipowakuta watu."

"Hakuniambia kamwe."

"Angekuambiaje? Alikuwa anakufundisha kubeba ndizi."

Nilibaki nimechuchumaa pale. Nilitamani kumwomba msamaha, lakini yeye hakuwa akisubiri msamaha.

"Toa upepo," akasema.

"Matairi si yangu, mama. Ya bosi."

"Toa."

"Kiasi gani? Sina kipimo. Nikizidisha, ringi itakata mpira kwenye mawe, tutalala hapa."

Akafikiri. Midomo yake ilicheza kidogo, akapima kitu kichwani mwake, nadhani ule ugumu wa teke langu na urefu wa njia iliyobaki.

"Salamu Maria moja," akasema. "Kila tairi moja. Mimi nasali, wewe unatoa. Nikisema amina, unafunga."

Nikaokota kijiti kigumu, nikapiga magoti kwenye gurudumu lake la mbele, nikafungua kifuniko cha valvu, nikabonyeza. Upepo ukatoka kwa mlio mkali, wa moto, una harufu ya mpira. Juu yangu nilimsikia akisali, mwendo wake uleule wa siku zote, hakimbii, hachelewi. Amina. Nikafunga. Nikahamia la nyuma, akapaza sauti ili nimsikie. Amina. Nikazunguka upande wa pili. Kwenye la nne nikachelewa kuachia, akaita kwa ukali, "Nimesema amina."

Nilibonyeza yote kwa dole gumba. Yalibonyea. Moyo wangu wote wa baiskeli ulikataa, lakini nikaingia ndani nikawasha gari kuelekea nyumbani, maana kulikuwa karibu kuliko hospitali.

Niseme hapa jambo lililotokea kesho yake, maana lina nafasi yake hapa. Nilirudi Gitega usiku uleule, gari likalala uani kwangu, na nilipomrudia mzee wa matairi asubuhi na mapema, matairi yakiwa baridi, alipima moja baada ya jingine bila kunisemesha. Mbili na moja, yote ila moja lililokuwa mbili kamili. Akasimama, akafuta kipimo kwa kitambaa.

"Nani alikupimia huko?"

"Mama."

"Na kipimo gani?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi mama aje afungue hapa," akasema, "mi nirudi nyumbani nilale."

Lakini hilo sikulijua bado, siku ile barabarani. Nilichojua ni kwamba gari lilikuwa limetulia. Yale matuta yalikuwepo bado, nayasikia miguuni, lakini hayakupanda tena. Mama alishusha mabega. Aliweka mikono mapajani. Mimi sikushusha kitu. Nilitembea mwendo wa mtu anayekwenda msibani, napanga kila gurudumu lipite wapi, nakwepa kila jiwe lenye ncha. Baiskeli za ndizi zilitupita, na mmoja wa waendeshaji akanichungulia dirishani akitabasamu. Siku nyingine ningemjibu. Sikumwuliza mama kama ameona mwanga tena, na yeye hakusema. Nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu, na nilikuwa namwomba kwa ubishi, kama mtu anayedai haki yake: baba alitoa tairi lake kwa ajili yangu, asikubali mimi nichukue jicho la mama kwa ajili ya tairi.

Tulifika karibu na saa kumi. Watu walikuwa wamejaa uani, na walipoona gari wakaja wote kwa pamoja, mikono imefunguliwa. Kwetu salamu ya mtu aliyepona ni kumkumbatia, kumshika mabega, kumtikisa, kumrudia tena upande wa pili. Nikaruka nje nikasimama mbele ya mlango wake nimetanua mikono. Nikawaambia asiguswe. Mama mdogo wangu alinuna papo hapo, mjomba akaniuliza mimi ni polisi wa nani. Nikasema semeni mnavyotaka. Nikamtoa mama polepole, nikamwongoza ndani, nikamkalisha kwenye kiti kilichoelekea mlango, mahali penye mwanga na hapana vumbi. Nikafunga mlango nusu. Watu wakarudi nyuma wenyewe. Walikuwa wameelewa.

Nikanawa mikono mara mbili. Nikabandua utepe wa kwanza, wa pili. Kikombe kikatoka, na pamba nyuma yake. Ilikuwa na majimaji, na doa dogo la waridi lisilozidi ukucha wa mtoto. Kope zilikuwa zimegandamana. Nikazipangusa kwa pamba safi kama nesi alivyonionyesha, kutoka puani kwenda nje.

"Fungua, mama."

Hakufungua. Alikaa vile vile, kidevu juu, mikono imeshika magoti. Hapo ndipo nilipojua kwamba njia nzima, tangu kile kiberiti, alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Mama, nakuomba."

Akafungua. Jicho lilikuwa jekundu, likazunguka, likaenda mlangoni kwenye mwanga, likarudi. Likasimama usoni kwangu. Halikwenda kifuani kwenye shati. Lilikaa usoni, likapanda kwenye paji, likafika juu ya sikio, likabaki hapo muda mrefu. Sikuthubutu kuuliza anaona nini.

"Una mvi," akasema.

Nikashika kichwa changu, kama nazifunika.

"Zimeanza lini? Hakuna aliyeniambia." Akanyoosha kidole akazigusa, upande huu, kisha upande ule. "Baba yako hakuzifikia."

Nilipiga magoti pale chini nikaweka kichwa changu mapajani mwake, mtu mzima mimi, na nikalia, na watu nje walisikia. Aliniacha kidogo. Halafu akanigonga begani kwa kifundo cha kidole.

"Haya, kile kiberiti hakikurudi, inuka uweke dawa. Watu wana kiu."

Nikainuka, nikadondosha tone la kwanza, na yeye akaanza kuhesabu ishirini zake.